Kinyaunyau naye hufunzwa kutoka nje

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi mtoto wa paka huitwaje, naye atakujibu kabla hujafunga kinywa: kinyaunyau. Ataendelea bila kuombwa akutajie kilebu wa mbwa, ndama wa ng'ombe, kihongwe wa punda na shibli wa simba. Orodha hiyo tuliikariri sisi, wakaikariri wote waliofanya KCPE hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na watoto wa mtaala wa umilisi wangali wanaikariri. Lakini hebu mgeuzie swali. Muulize kinyaunyau huyo atolewe nje ya nyumba akiwa na umri gani, kwa njia gani, na nani awe kando yake. Hapo utayaona macho yakilitafuta jibu darini. Na usistaajabu ukimuuliza mwalimu wake, naye akatazama dari ile ile.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye dhiki ya karo na uhaba wa madarasa haina wasaa wa kujadili watoto wa paka. Nawaelewa. Hata hivyo nawaomba wavumilie aya chache, kwani jambo hili linamgusa pia mtoto wa binadamu anayemlaza paka kwenye shuka zake.

Imani iliyokita mizizi miongoni mwetu ni kwamba mbwa hufugwa, lakini paka hujilea. Aghalabu mambo huenda hivi: panya wamezidi nyumbani au katika ghala la shule, mtu anaombwa paka, siku ya pili analeta katoni iliyotobolewa matundu, na ndani yake mna kiumbe cha wiki nne kinacholia mpaka sauti imekauka. Kinafungiwa stoo. Siku ya tatu mlango unafunguliwa, kinaambiwa dunia ndiyo hiyo. "Atazoea," husema mwenye nyumba. Kweli wapo wanaozoea. Wasiozoea hatuulizi waliishia wapi, na baada ya mwezi tunaomba mwingine.

Kiswahili chenyewe kinatushuhudia kuwa paka asiyelelewa hugeuka kitu kingine. Tuna paka shume, yule dume anayerandaranda usiku akiiba mafigani. Tuna nunda, ambaye hata jina lake hutishia watoto. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870 katika mkusanyo uitwao Swahili Tales, paka wa sultani anaanza kwa kumla ndama, na kila anaposhtakiwa, bwana wake anamtetea kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Mwishowe paka amekuwa nunda mla watu na wana wa sultani wenyewe wanaangamia. Walimu wa fasihi huifundisha ngano hiyo kama kisa cha mtawala anayeulea uovu, na hawakosei. Mimi huisoma pia kama kisa cha paka aliyefunguliwa mlango bila mtu wa kumwonyesha mipaka.

Sasa tuingie katika malezi yenyewe. Kinyaunyau huzaliwa macho yamefumba, akayafumbua kati ya siku 7 na 14. Kuanzia juma la pili hadi la saba hivi ndipo anapojifunza nani rafiki na nani adui. Akishikwa kwa upole na watu wa namna mbalimbali katika majuma hayo, akasikia redio, ufagio na vicheko vya watoto, atakuwa paka wa watu. Asipoguswa, huenda akamwogopa binadamu maisha yake yote, na paka anayemwogopa binadamu hawezi kuitwa arudi nyumbani. Kwa hiyo mafunzo ya kwenda nje huanzia ndani, na huanza angali kwa mama yake. Heri asiondolewe kwa mama kabla ya juma la nane. Mama ndiye mwalimu wake wa kwanza wa kujificha, kunyemelea na kuacha kung'ata anapocheza. (Na akishaondolewa, usimjaze maziwa ya ng'ombe. Tumbo la paka aliyeachishwa kunyonya aghalabu haliyawezi, humharisha. Mpe maji safi na chakula cha nyama au dagaa.)

Somo la kwanza la ndani ni mwito. Kila unapomtilia chakula, gonga sahani kwa kijiko, mara tatu, kwa mdundo ule ule. Usibadilishe. Baada ya wiki mbili, mlio huo utakuwa kwake kama kengele ya chakula cha mchana ilivyo kwa mwanafunzi wa bweni: atakuja mbio kutoka chini ya kitanda, kutoka juu ya kabati, kutoka usikojua. Siku atakapokuwa nje na mbwa wa jirani akatokea, kijiko hicho ndicho kitakachomwokoa, wala si mbio zako.

Somo la pili si lake, ni letu, nalo ni chanjo. Chanjo za kumkinga na mafua ya paka na ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara, ambao huua vinyaunyau kwa siku chache, huanza akiwa na majuma sita hadi manane, zikarudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi atimize majuma kumi na sita. Ile ya kichaa cha mbwa hudungwa akiwa na miezi mitatu hivi. Kabla ya kukamilika kwa hayo, asikanyage mahali wanapopita paka wengine na mbwa. Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na kaunti kadhaa huendesha kampeni za chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Watu hupeleka mbwa. Paka huachwa nyumbani, kana kwamba jina la ugonjwa limewapa kinga.

Nitalikalia jambo hili kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Ni kweli, lakini mbwa mwenye kichaa hamchagui anayemuuma. Akimuuma paka asiyechanjwa, paka huyo hurudi nyumbani, akapanda kitandani alipozoea kulala na mtoto. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuuangamiza ugonjwa huu miongoni mwa watu ifikapo mwaka 2030, na mpango huo hauwezi kufaulu ikiwa mwanafunzi ataficha mkwaruzo kwa kuogopa kukaripiwa. Najua hali ya mabweni. Kinyaunyau hufichwa ndani ya sanduku la bati, akalishwa vipande vya nyama vilivyotolewa katika bwalo la chakula kwa siri, na akimng'ata mtu, siri inazidi kuwa siri. Walimu, tafadhalini, waambieni wanafunzi wenu waziwazi kwamba anayekuja kusema ameumwa hataadhibiwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku iyo hiyo. Asingoje kuona kama ataugua, kwa maana dalili zikishadhihiri, ni nadra mno mtu kupona.

Chanjo zikishakamilika, mlango unaweza kuanza kufunguliwa. Hapa ndipo wengi hukosa subira, ilhali hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe.

Chagua siku tulivu ya jua, umande ukishakauka, wakati nyumbani hapana wageni na kwa jirani hapana harusi. Mnyime kiamsha kinywa kwa saa moja au mbili, kwani mwenye njaa kidogo hukumbuka nyumbani, na aliyeshiba hana haraka. Kisha chukua tenga la kubebea kuku, ulifudikize karibu na kizingiti cha mlango, umwingize kinyaunyau chini yake na kuweka jiwe juu ili lisipinduke. Kaa hapo hapo na kazi yako, iwe ni kuchambua mchele au kusahihisha madaftari. Ndani ya tenga ataona, atasikia na kunusa, hakuna kitakachomfikia. Jogoo atawika, naye ataruka. Jani litapeperuka, naye atalifuata kwa macho. Robo saa yatosha. Akianza kujilamba, ujue ametulia. Akijikunyata na kuyalaza masikio, mrudishe ndani bila kumcheka. Kesho fanya vivyo hivyo, na kesho kutwa, pale pale.

Tenga lina adui mmoja ambaye wakulima wa nyanda za juu wanamjua vyema: siafu. Nyakati za mvua wanapohama, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na wengi wamekuta vifaranga wamebaki mifupa. Ndiyo sababu nikasema ukae hapo hapo. Tenga ni la kumzoeza, si la kumhifadhi.

Baada ya wiki moja hivi, liondoe tenga na kuuacha mlango wazi. Usimbebe kumtoa. Jambo hili naliona kuwa la maana kupita yote mengine, nalo ndilo hupuuzwa zaidi. Paka huijua njia kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Anapojisugua shavu kwenye mwimo wa mlango, kwenye mguu wa benchi na kwenye pembe ya ukuta, anaacha harufu yake na hiyo ndiyo ramani yake ya kurudia. Aliyetoka kwa miguu yake mwenyewe, hatua moja mbele na mbili nyuma, ana ramani. Aliyebebwa hadi katikati ya uwanja ni kama mtoto aliyefungwa kitambaa machoni akaachwa sokoni Kongowea. Kitu cha kwanza kikimshtua, atakimbilia popote, na popote hapo huenda pakawa mbali na kwako.

Keti kizingitini. Akiingia kichakani, usimfukuze, kwani kumfukuza humfundisha kwamba kutoroka ni mchezo. Gonga sahani. Akija, mpe kitoweo kidogo, kisha mwache aende tena. Dakika kumi za siku ya kwanza ziwe kumi na tano siku ya tatu, na nusu saa baada ya juma zima. Mrudishe ndani angali ana hamu ya kubaki. Jioni asitoke, kwani paka hupenda kuwinda magharibi na alfajiri, saa ambazo pikipiki nazo zina haraka na taa zake hazioni kiumbe cha kimo cha kiganja.

Wengine hupenda kumfunga kamba. Sipendi, ila kama huna budi kwa kuwa unaishi kando ya barabara, kamba isifungwe shingoni kamwe. Paka hupanda, na aliyefungwa shingoni akiteleza kutoka juu ya ukuta hujinyonga mwenyewe. Mkanda upite kifuani na chini ya kwapa zake, na mwenye kuishika kamba asiondoke.

Hatari za nje hutegemea mahali. Mjini Mombasa na mwambao wote kuna kunguru wale wa shingo ya kijivu, wageni waliotokea Bara Hindi, ambao humzingira kinyaunyau kwa kundi wakamdonoa kwa zamu. Wamekithiri kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Bara yuko mwewe, ambaye kwake kinyaunyau na kifaranga ni mamoja. Kwenye baridi ya Limuru au Nyahururu, kinyaunyau hutafuta joto la injini ya gari lililotoka kuegeshwa, akalala humo; mwalimu mwenye gari apige boneti kwa kiganja kabla ya kuliwasha. Mbwa sina haja ya kuwataja.

Lakini adui ninayemwogopa kuliko hao wote hana mabawa wala meno. Anauzwa na mchuuzi mwenye kipaza sauti, katika vikaratasi visivyo na maandishi, kwa jina la dawa ya panya. Nimeona katika shule zaidi ya moja mtunza ghala akifuga paka na kutega sumu kwa wakati mmoja, kana kwamba anayapa mahindi askari wawili. Hajui kwamba askari mmoja atamuua mwenzake. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa amelegea, na panya aliyelegea ndiye hasa anayeweza kukamatwa na kinyaunyau anayejifunza kuwinda. Siku chache baadaye ufizi wa paka umekuwa mweupe, damu inatoka puani, na watu wanasema amerogwa. Akifikishwa mapema kwa daktari wa mifugo, kuna dawa ya vitamini K. Akicheleweshwa, hakuna la kufanya. Rai yangu ni hii: ghala lichague moja. Ama paka, milango ikazibwa nyufa na magunia yakainuliwa juu ya mbao. Ama sumu, na paka asiletwe kabisa.

Sumu nyingine tunazitoa kwa mikono yetu kwa nia njema. Tembe moja ya Panadol yaweza kumuua paka, hata kama ulimpa kwa huruma ya kumwona akitetemeka. Dawa za viroboto na kupe zenye permethrini, ambazo mbwa huzistahimili, zaweza kumuua paka. Anayetaka kumwondolea paka viroboto na amuulize daktari.

Yupo atakayeuliza kwa nini basi asifungiwe ndani daima, yakaisha. Nchini Marekani madaktari wengi wa wanyama wanashauri hivyo, ilhali Uingereza paka wengi huachwa watoke. Kwetu mjadala huo hauna mashiko, kwani nyumba zetu nyingi huwa wazi tangu alfajiri, na paka tunamtaka kwa kazi. Kumfungia bila kumtunza nako ni dhuluma. Waislamu wanaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie riziki. Na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haikumtoa paka katika hesabu ya wanyama.

Kuna sehemu moja ambako ningemfungia usiku bila kusita, nako ni kandokando ya misitu. Msitu wa Arabuko-Sokoke una bundi mdogo na kwera wa Clarke, ndege wasiopatikana ila katika misitu michache mno duniani, na una sange mwenye kiuno cha dhahabu. Paka hajui orodha ya wanyama walio hatarini. Isitoshe, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, ndugu wa damu wa paka mwitu aliyeko katika nyika zetu. Wakikutana huzaana, na paka mwitu halisi hupungua. Msitu huo huo ndio uliompa jina paka wa Sokoke, yule mwenye mabaka kama gome la mti ambaye Wagiriama humwita kadzonzo. Jeni Slater, mkazi wa Watamu, aliwachukua vinyaunyau wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1984 baadhi ya uzao wao ukapelekwa Denmark. Huko wameandikiwa vitabu vya nasaba. Ndugu zao waliobaki Kilifi hawajaandikiwa hata kadi ya chanjo.

Upo pia uzazi. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba huchukua majuma tisa. Anayemzoeza jike kutoka nje kabla hajamfunga uzazi na ajiandae kwa katoni nyingine yenye matundu. Upasuaji hufanywa kati ya mwezi wa nne na wa sita, na kinyaunyau dume naye ahasiwe, asije akawa shume wa mtaa.

Limebaki la shule za bweni, ambalo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Paka wa shule huzoeshwa na wanafunzi mia nne kula makombo yao. Kisha shule inafungwa. Mwezi Aprili ni majuma machache, Agosti pia. Lakini mwishoni mwa mwaka, majiko hupoa karibu miezi miwili. Vinyaunyau waliozaliwa Septemba wanakuwa ndio kwanza wanajifunza kutoka nje siku ambayo basi la mwisho linaondoka. Barua ya kufunga shule hutaja magodoro, vitabu vya maktaba na salio la karo. Ningependa iongezwe mstari mmoja, wenye jina la mfanyakazi anayebaki, kiasi cha dagaa alichoachiwa, na saa ya jioni ambayo atagonga sahani.